Fomu Nambari Saba

Sheria ilitufikia Jumanne, bado ina joto la mashine,
kurasa kumi na nne, muhuri wa kaunti umepigwa upogo.
Karani ni mimi. Niliipokea kwa mikono miwili
kama anayepakatishwa mtoto wa watu.

*Kila mbwa na kibati shingoni mwake.
Kila paka na mwenyewe wake.
Nyumba moja, paka wanne;
wa tano alipiwe, au aondoshwe.*

Daktari Nyamawi aliisoma kwa sauti, akavua miwani,
akaipangusa, hakuivaa tena.
"Haya," akasema. "Anza na Kibokoni."

Nikaenda na daftari, kalamu mbili,
na kisanduku cha barafu chenye chanjo ya kichaa.
Vichochoro vile jua huvipita upande tu.
Paka barazani. Paka juu ya kiti cha pikipiki.
Paka ndani ya karai la fundi, saruji imeshakauka.
Mmoja, mkia kipande, kaketi mlangoni kwa mshona kanzu
kama aliyekuja kudai kodi.

Nikabisha kwa Bi Rukiya Mahfudh.
"Karibu. Ila kanyaga taratibu, kuna mzazi."
Chini ya samadari, juu ya koti la marehemu,
vitoto vitano, macho hayajafunguka.
Watano. Nikaangalia fomu, nikaangalia dari.

"Bibi, una paka wangapi?"
"Wa asubuhi au wa magharibi?"
Nikaandika: takribani.
Fomu haina nafasi ya takribani.

"Jina la mwenyewe?"
Alicheka hata kahawa ikamwagikia kisahani.
"Mwanangu, hawa si wangu. Mimi ndimi wao.
Bibi zao walimjua mamangu, na vichwa vya samaki vyake.
Alipokufa bwana, watu walikaa matanga siku tatu,
wakakunja mikeka, wakenda zao.
Hawa hawakwenda. Andika hilo."

Sikuandika. Mstari ulikuwa mfupi.

Lakini nisije nikaicheka sheria nikasahau nilikotoka.
Kuna kifungu cha tisa:
*asimwagiwe maji ya moto, asilishwe sumu,
asifungwe kitu cha kumtia hofu.*
Aliyekiandika sijui ni nani.
Nadhani naye alikuwa mtoto mahali fulani.

Changamwe, nina miaka minane,
tulimfunga paka mkebe wa maziwa mkiani.
Kamba niliishika mimi. Fundo alifunga Mwachiro.
Akakimbia, na kelele inamkimbiza,
na kila akizidi mbio kelele inazidi,
akashika njia ya reli.
Tulicheka. Kisha mkebe ukanyamaza,
na wa kwanza kuacha kucheka hakuwa mimi.

Kwa hilo ningetozwa ngapi?
Nimeitafuta bei katika jedwali la mwisho.
Ipo ya kibati kilichopotea.
Ipo ya kuchelewa kulipa.

Nilichoweza nilifanya: niliwachanja kumi na mmoja.
Bi Rukiya aliwashika mmoja mmoja,
akiwaambia maneno ambayo mimi sikuambiwa
tangu nitoke mikononi mwa nyanya.
Wa mkia kipande alinipara hadi kiwikoni.
Nikamwambia, haki yako.

Fomu niliipeleka. Ikarudi. Nikaipeleka tena.
*Haijakamilika*, kwa wino mwekundu,
na Daktari hakuniuliza kitu, alinisogezea tu,
kidole chake kimesimama juu ya pengo.

Ipo kwenye droo yangu hadi leo.
Nikiitoa naipangusa, naipuliza,
na unyoya mmoja mweupe haubanduki,
umelala pale pale,
kwenye mstari wa mwenyewe.